Kula Kijapani Malindi: kwanza uliza samaki kalala wapi

Haya jamani, kila nikiweka picha ya sushi kwenye stetasi yangu lazima kuna mtu ataniingilia inboksi, ati weye mtoto wa Malindi umelelewa na wali wa nazi na samaki wa kupaka, pesa zako unazipeleka kwa samaki mbichi, una akili kweli? Halafu mtu huyohuyo wiki mbili baadae ananiuliza pole pole, sasa mtu akitaka kujaribu aanzie wapi na atavaa nini. Basi nimeona niandike mara moja yote ninayoyajua, atakayeuliza tena ntamtumia hii.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mie hapa Malindi bado sijala kwa Mjapani mwenyewe kasimama nyuma ya kaunta na kisu chake. Ninachokipata huku ni chakula cha Kijapani kilichopitia mkono wa Mtaliano, na si vibaya, manake Mtaliano naye samaki mbichi anamjua, anamkata nyembamba anamtilia ndimu na mafuta ya zeituni. Kwa hivyo utakuta hoteli ya pasta na piza ina usiku mmoja kwa wiki wa sushi, au bafe ya hoteli ya ufuoni imeweka pembe moja ya rolo, au ushuke mpaka Watamu ambako hizi menyu za kuchanganya changanya zimeshika. Ukitaka Kijapani cha wenyewe panda basi uende Nairobi, huko kuna hoteli za Kijapani zenye miaka na miaka. Lakini usije ukadharau cha hapa, sisi tuna kitu Nairobi hawana nacho. Bahari iko nyuma ya jikoni.

Na hapo ndipo linapoingia somo lenyewe. Ntaanza na ami yangu.

Ami ni mvuvi, kastaafu ila asubuhi bado utamkuta pale wanapotua samaki anasimamia kazi isiyo yake. Siku moja nilipata kijipesa nikamchukua yeye na shangazi tukaenda hoteli moja ya ufuoni kwenye usiku wa sushi. Nikaoda sahani ya sashimi, yaani samaki mbichi mtupu bila wali, ikaja imepangwa juu ya barafu na figili nyeupe imekwanguliwa nyembamba kama nyuzi, mashaallah. Ami akaitazama sana. Akamwita yule kijana.

"Mwanangu, samaki huyu kavuliwa lini?"

"Ni freshi kabisa mzee."

"Freshi si siku. Nakuuliza lini, na jana kalala wapi?"

Mie nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini kijana, Mungu ampe heri, hakununa, alikwenda jikoni akarudi na mpishi mwenyewe, na mpishi akaeleza vizuri, jodari katua jana alasiri, kwenye boti alishatolewa matumbo akafukiwa barafu palepale, usiku kalala kwenye friji ya samaki peke yake hajachanganywa na nyama. Ami akasema bismillahi akavuta sahani. Tangu siku ile mie hilo ndilo swali langu la kwanza kila mahali, hata Nairobi, na nimegundua kitu, mahali pazuri hufurahi ukiwauliza, mpishi hutoka anasimulia mpaka jina la boti. Mahali pabaya hukasirika, au hukwambia freshi mara tatu. Ukisikia freshi mara tatu we oda kuku.

Msimu nao uuangalie. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba Disemba hivi mpaka Machi, bahari tulivu boti zinakwenda mbali, hapo jodari wapo na ndio wakati wa kula mbichi. Kusi ikishika kuanzia Aprili bahari inachafuka, Juni Julai ndio balaa, na mahoteli mengi yanafunga kabisa. Ukikuta sashimi ya jodari katikati ya kusi usishtuke, lakini jua uwezekano mkubwa kalala friza, na friza si tusi. Wajapani wenyewe jodari wao mwingi anagandishwa kulekule baharini kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri na wanakula na wanasifu. Kibaya ni kuambiwa katua leo asubuhi na ukimtia mdomoni ana maji maji kama sifongo, hapo umedanganywa na unalipia uongo.

Sasa hili watu wengi hawalijui, na mie ndilo linaloniuma kuliko yote: acheni kuoda samoni Malindi. Najua ndiye mwenye picha nzuri, rangi ya machungwa ile, kila mtu anamtaka. Samoni si wa bahari hii. Huyo katoka Norwei huko, kapanda ndege, kapanda lori, halafu wewe unamlipia nauli yake yote huku dirishani unaona ngalawa. Tena nikwambie, hata Wajapani hapo zamani samoni mbichi walikuwa hawali, walimpika, manake samoni wa porini ana minyoo. Ni Wanorwei waliokuwa na samoni wengi wa kufuga wakatafuta soko, miaka ya 1980 katikati wakaenda Japani kuwashawishi wamtie kwenye sushi, ikachukua miaka mpaka wakakubali. Kwa hivyo ukiona mtu anakwambia sushi bila samoni si sushi mwambie atulie. Wewe oda jodari, oda ngisi, oda pweza, oda kamba. Hivyo ndivyo vya hapa na ndivyo vinavyopita mtihani wa ami.

Na jodari uangalie rangi. Mbichi mzuri ni mwekundu wa kuiva, kama nyama, na akikaa kidogo pembeni anaanza kuwa na kahawia, ndio maumbile yake. Ukiona jodari ana rangi ya tikiti maji inang'aa, na inang'aa vile vile hata akikaa, kuna wanaompulizia gesi ya kaboni monoksaidi ashike rangi, na ubaya wa gesi ile ni kuwa samaki anaweza kuwa keshachoka ndani na usoni bado bibi harusi. Halafu kwenye menyu ukiona neno toro ujue ni nyama ya tumbo yenye mafuta, na inayosifiwa duniani ni ya jodari mwingine mkubwa wa bahari za baridi, wetu ni wa mapezi ya njano, tumbo lake halina mafuta kiasi hicho. Kwa hivyo ukiuziwa toro kwa bei ya kukata pumzi na samaki katoka hapa nyuma ya Mayungu, uliza vizuri.

Wanaoogopa minyoo, na wana haki. Sheria za afya za Marekani zinataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri siku 7, au agande kwa nyuzi 35 chini ya sifuri akae hivyo saa 15, na jodari wale wakubwa ndio wamesamehewa sharti hilo. Mie naitumia hivi: jodari namla hata hajagandishwa, lakini wale wa miambani, changu, tewa na wenziwe, mbichi simgusi kama hajapita friza la maana, na friza la dukani la soda na aiskrimu silihesabu. Mwenye mimba aache mbichi kabisa, na watoto wadogo pia, waodiwe vya kupikwa, vipo tele.

Lakini kwa joto letu hili minyoo si ndiyo inayonitisha sana. Kuna lile wazee wanaita samaki anawasha. Jamii ya jodari, sehewa, nguru, vibua, akiachwa juani au kwenye ndoo bila barafu anatengeneza kitu kinaitwa histamini, na kikishaingia hakitoki, umpike umgandishe umkaange, kimo. Yalinikuta mchana mmoja kwenye bafe mahali nisipopataja, sahani ilikuwa imekaa mezani tangu saa sita na barafu yake imeyeyuka yote, nikatia kipande mdomoni nikahisi ulimi unachomachoma kama nimelamba pilipili manga na mie pilipili sijatia. Nikasema labda ndivyo sosi yao ilivyo. Nusu saa haijafika uso mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha kama nimevaa gunia. Dawa ya aleji ilinituliza, lakini ukiona pumzi inabana usikae, nenda hospitali. Kwa hivyo bafe ya sushi uende mwanzo inapofunguliwa, angalia barafu kwanza, na samaki akikuchoma ulimi teme, usione haya, haya haijamponesha mtu.

Haya tuingie kwenye menyu yenyewe, manake hapo ndipo watu wanapokimbia, majina kama nywila ya waifai.

Sushi maana yake si samaki mbichi. Ni ule wali, umetiwa siki, sukari na chumvi. Ukiwa ni kidonge cha wali na kipande juu ni nigiri, ukiwa umekunjwa ndani ya mwani ni maki, ndiyo rolo ninayoitaja, ukigeuzwa wali ukawa nje mwani ndani ni uramaki, ukifungwa kama ile karatasi ya njugu ya barabarani ni temaki. Basi. Wali wenyewe ni wa punje fupi na unashikana, mama zetu wangeuona wangesema huu umebokoka, mpe mgonjwa, ni ndugu na mashendea, lakini ndivyo unavyotakiwa, pishori hauwezi kazi hii kwa sababu punje zake kila moja na njia yake. Wali mzuri unaletwa ukiwa na uvuguvugu wa mwili, si baridi. Ukija baridi na mgumu ujue rolo limefungwa mchana likatiwa friji, na hapo hata samaki awe malaika huna chakula.

Na msiogopeshwe na ustaarabu wake ule wa taa hafifu na sahani nyeusi. Nigiri ilipoanza kushika huko Edo, ndiyo Tokyo ya leo, miaka ya 1820 hivi, ilikuwa chakula cha kibandani, mtu anasimama anakula viwili vitatu anaenda zake, sawasawa na sisi na viazi karai pale jioni. Anayetajwa sana ni Hanaya Yohei. Sasa mtu akikukunjia pua kwa sababu hujui kushika vijiti mwambie nigiri kuila kwa mkono ni sawa kabisa, wenyewe wanafanya hivyo, na kwa mkono sisi nani atatufundisha?

Ambaye ni mara yake ya kwanza asianze na mbichi. Aanze na vitu ambavyo tayari anavijua kwa jina jingine. Yakitori ni mishkaki ya kuku, ya makaa, utaulizwa unataka ya chumvi tu au ya sosi tamu, chukua ya chumvi, ile ya sosi inaficha kuku asiye na ladha. Takoyaki ni vitumbua vya pweza, sifanyi mzaha, chuma chake kina vishimo vilevile vya chuma cha vitumbua, wanamimina uji wa ngano, kipande cha pweza katikati, wanageuza na kijiti mpaka viwe mviringo kama mpira. Vimeanzia Osaka mwaka 1935. Ukivila usivitie mdomoni kizima vikiwa vinatoka jikoni, ndani vinachemka kama lava, shangazi alipotewa na sauti dakika mbili.

Tempura nayo ni binamu wa bajia na hadithi yake inapita hapa hapa mlangoni kwetu, yaani mie nikiisimulia watu wanadhani natunga. Wajapani kukaanga kwa unga hivi walijifunza kwa Wareno, waliofika kwao 1543, na jina lenyewe inasemekana limetokana na zile siku za Wakatoliki za kufunga nyama wakala samaki na mboga. Sasa Wareno ni walewale wa Vasco da Gama aliyetia nanga Malindi 1498, nguzo yake si ile pale. Na kile kikanisa kidogo cha makuti karibu na bahari ni cha hao hao Wareno, na padri wao Francis Xavier alipita Malindi 1542 akielekea Goa, akamzika baharia mmoja hapa, na padri huyohuyo ndiye aliyeshuka Kagoshima, Japani, mwaka 1549. Kwa hivyo mkila tempura ya kamba Malindi mnakula kitu kilichozunguka nusu ya dunia kikarudi kusalimia. Tofauti na bajia ni unga, wao hawatumii dengu, ni ngano na maji ya baridi sana na hawakorogi mpaka ulainike, wanaacha mabonge ili iwe nyepesi. Ikija imelowa mafuta, nzito kama bajia ya juzi, irudishe.

Supu ya miso ni maharage ya soya yaliyochachushwa, na chini yake kuna mchuzi wa samaki aliyekaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu kama kuni kisha akakwanguliwa, jamii ya sehewa huyo, kwa hivyo ukisikia harufu ya ng'onda kwa mbali hujakosea. Wasiokula samaki wajihadhari hapo, supu inaandikwa ya mboga na samaki yumo. Kare ya Kijapani ni mchuzi waliopata kwa Waingereza, mzito wa unga, mtamu mtamu, watoto wanaupenda, mie kwa mtu aliyezoea mchuzi wa shangazi sioni sababu ya kuulipia. Rameni ni tambi za mchuzi, zile tambi zinatiwa maji ya chumvichumvi ya jamii ya magadi ndio zinakuwa njano na zinavutika. Tamu sana, lakini supu ya moto saa saba mchana mwezi wa Februari Malindi, hiyo kazi yako mwenyewe.

Na rameni ndiyo inanileta kwenye hili, waislamu wenzangu, sikilizeni. Ile rameni yenye mchuzi mweupe mzito, tonkotsu, ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa masaa. Tonkatsu, jina karibu sawa, ni pande la nguruwe la kukaanga, ulizia katsu ya kuku. Gyoza, vile visambusa vya kuchemsha na kukaanga upande mmoja, kawaida ndani ni nguruwe ila hapa pwani wengi wanatia kuku au kamba, lazima uulize. Uliza pia mafuta ya tempura yanakaangwa nini kingine, hili watu wanalisahau, unaoda kamba wa halali anaogelea kwenye mafuta ya jirani. Halafu pombe, inajificha: mirin ni kama divai tamu ya mchele ya kupikia, ina pombe asilimia 14 hivi, inaingia kwenye teriyaki, kwenye sosi ya mkunga, wakati mwingine hata kwenye wali. Sake, pombe yao ya mchele, nayo vilevile. Sosi ya soya ya kuchachusha ina pombe kidogo inayojitengeneza yenyewe, hiyo mashekhe wana maneno yao, muulize wako. Mie namwambia weita mwanzoni kabisa, kabla hajafungua kidaftari: "Ndugu yangu, sisi nguruwe na pombe hatutumii, hata ya kwenye sosi, mpishi atatusaidia vipi?" Ukiuliza hivyo, atatusaidia vipi, mpishi anatafuta njia. Ukiuliza kuna pombe? atasema hapana na ataendelea na kazi yake.

Vitu vya kuchanganya sasa. Hapa kila mpishi na ndoto zake, na mie sina chuki navyo vyote. Kamba na embe ngowe ndani ya rolo likiwa msimu wa maembe, tia pilipili kidogo, wallahi Mjapani mwenyewe angenyamaza. Kaa pia, ila hapa angalieni, rolo la California limeandikwa kaa na ndani wanaweka vile vijiti vyekundu vya kaa, ile ni samaki mweupe kasagwa akatiwa rangi, kaa hajapita hata karibu. Na sisi hori ya Mida iko hapo, kaa wa mikoko wazima wanatembea! Uliza, kaa wa kijiti au kaa wa mkoko, wakikwambia wa kijiti shusha bei au oda kingine. Nisichokielewa mie ni jibini ya kupaka na jodari, wanampaka jodari wa watu jibini mpaka humsikii. Na rolo likija limemwagiwa mayonezi juu, sosi tamu juu, vitunguu vya kukaanga juu, jiulize huko chini wanaficha nini. Rudi kwenye swali la ami.

Kula kwenyewe ni rahisi. Utaletewa kitambaa chenye maji, ni cha mikono, ndio birika lao. Ule uji wa kijani pembeni ni wasabi, si chatne ya kotmiri, binamu yangu aliuchota na rolo zima kama anakula bajia akalia mbele ya wageni wa Kitaliano, chukua kiasi cha punje moja ya mchele tu uone. Tena mara nyingi si wasabi hasa, ni mzizi mwingine wa ukali ule na haradali na rangi, wa kweli ni ghali sana. Soya mimina kidogo kwenye kibakuli, nigiri igeuze uchovye upande wa samaki, ukichovya wali unanyonya chumvi yote na unamomonyoka. Tangawizi ile ya waridi ni ya kusafisha mdomo kati ya kipande na kipande, haiwekwi juu ya sushi. Vijiti usivisimamishe kwenye bakuli la wali, kwao hivyo ni vya msibani, na usimpitishie mwenzio chakula kijiti kwa kijiti, nayo ni ya msibani, ndivyo wanavyopokezana mifupa ya maiti aliyechomwa. Kuvuta tambi kwa sauti ruhusa, bibi yangu angenipiga kofi lakini huko ruhusa.

Pesa. Nigiri huja viwili viwili, maki sita au vinane, na bei iliyoandikwa ni ya hiyo sahani, si ya kushiba. Watu wawili wenye njaa ya kawaida, supu kila mmoja, rolo mbili, sahani moja ya sashimi, kitu kimoja cha kukaanga, mmeshiba, mkiona bado mnaongeza. Msiode yote mara moja, wali unapoa na samaki anapata joto, odeni kidogo kidogo. Soma chini kabisa ya menyu yale maandishi ya siafu, kama bei haijaweka kodi utaongezwa VAT asilimia 16 na ile tozo ya utalii asilimia 2, kwa hivyo uliyohesabu 3,000 inakuja 3,540, na kuna wanaoongeza na ya huduma juu. Mwezi wa kusi hoteli zilizobaki wazi zinashusha bei kwa wenyeji, piga simu useme wewe ni mkaazi, na useme kwa Kiswahili. Nguo vaa za heshima tu, kanzu mtu kaingia nayo, dera watu wameingia nalo, hakuna aliyefukuzwa. Tipu huko Japani hawatoi, hapa weita katembea jikoni mara tatu kwa ajili ya maswali yako, mpe chochote.

Na kikibaki? Tempura, yakitori, rolo za vitu vilivyoiva, funga upeleke nyumbani ule usiku huohuo. Mbichi usibebe. Tuktuk, joto, foleni ya sokoni, mfuko mapajani, ikifika nyumbani hiyo si sashimi tena ni mtihani. Ami alitaka kumbebea paka, nikamkataza hata huyo paka.

Alichobeba ni ile tangawizi. Alimaliza yake, akamaliza yangu, akamwomba kijana nyingine akaifunga kwenye tishu akaitia mfukoni mwa kanzu, mie nimejikunja kwa aibu. Alipofika nyumbani akampa shangazi aionje tena vizuri, shangazi akasema hii si achari tu hii. Sasa anaitengeneza mwenyewe, tangawizi changa ya sokoni ile ambayo ngozi yake inatoka kwa kijiko, anaikata nyembamba mpaka unaona kidole upande wa pili, anaitia chumvi inakaa kidogo, anaichovya maji ya moto mara moja, halafu siki na sukari, siku mbili kwenye chupa. Wanaila na wali wa nazi na nguru wa kupaka, na ami bado anauliza nguru kalala wapi.